Mashine Tatu, Tumbo Moja

Kianda, Kibera
3 Februari 2025

Kwa Kimotho, mwenye ploti, Kongo, Kawangware.

Sikuambii mulembe. Mulembe ni salamu ya mdomo, na mimi niliapa siku ile tulistaafu, watu wote wakisikia, ya kwamba mdomo wangu hautafunguka kwa ajili yako mpaka ukubali makosa. Miaka kumi na moja sasa. Sijavunja. Lakini kalamu sio mdomo. Nimemuuliza pasta akanyamaza, na pasta akinyamaza hiyo ni ndiyo.

Simu nayo ni mdomo. Na meseji sitaki, herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Sio ati macho yangu ni mabaya. Macho yangu ni mazuri sana.

Barua inaletwa na Jentrix, mama wa omena wa hapa kwetu, anakuja soko ya Kawangware kila Jumanne na Ijumaa. Ikinuka samaki ni yeye, sio mimi.

Sasa sikia. Natafuta leithi. Leithi ya kukereza bawaba za mageti ninayo, ile yangu, na imechoka, ukiweka chuma mwanzo kinatoka kidole na mwisho kinatoka gumba. Natafuta mashine ya kukereza ya vipimo vya kweli. Imetumika sawa, lakini iwe haijaharibiwa, kitanda chake, zile reli ndefu za chini, kiwe kimekwanguliwa kwa mkono wa mtu, kama ile tulikuwa tunashika Industrial Area, mimi asubuhi wewe jioni.

Sababu ni hii. Kuna mama anaitwa Valerie, anasimamia karakana ya miguu ya bandia. Anataka pini za goti. Pini ikilegea, mtu akitembea goti linagonga kama mlango wa choo. Ikikaza, goti halikunjiki, mtu anakaa kanisani mguu umenyooka mpaka kwa jirani. Amenipa pete ya kupimia, akasema, Mzee, lete pini kumi na mbili zinazoingia hapa vizuri kabla ya Machi kwisha, na kazi ni yako kila mwezi. Nikamwambia, mama, kumi na mbili namaliza nikinywa chai.

Bahati mbaya Nafuna, msichana wangu wa mwisho, alikuwa amesimama hapo. Nafuna anataka nirudi Bungoma nikachunge kuku. Akasema, Papa, basi tukubaliane: pini zikipita unabaki Nairobi, zisipopita unafunga karakana unapanda basi. Majirani wanasikia. Nikasema sawa. Unanijua, mimi nikisema sawa nimesema.

Chuma chetu changu cha kupimia ninacho. Wewe uko na saa, ile ya sindano ya kupimia. Chuma bila saa ni rungu. Nipe saa niende kupima mashine za watu. Nitairudisha ikiwa nzima.

Mimi, Mukhwana Wepukhulu
Fundi Mkuu

*

Kongo, Kawangware
6 Februari 2025

Baba Nafuna,

Barua imefika. Mama Tabby aliinusa akaniuliza ni nani amekufa.

Umeandika "chuma chetu", halafu ukakata, ukaandika "changu". Lakini hukukata sana, na mimi bado nasoma. Barua hii naiweka kwenye sanduku la hati za ploti.

Watu wakiniuliza mimi na wewe tuligombania nini, wanadhani ni mwanamke au shamba. Nikiwaambia ni kipande cha chuma urefu wa mkono wananicheka. Acha wacheke. Siku tatu tulikisaga kile chuma, wewe asubuhi, mimi jioni, mpaka kikawa kimenyooka kuliko kitu chochote katika ile karakana. Jumapili mimi niko kanisani, wewe ukaenda ukapiga herufi M peke yake. Hapo sijasema neno. Ni siku ya kustaafu tu niliuliza, mbele ya watu, K iko wapi. Wewe ukaapa.

Saa nimeifunga ndani ya sweta. Usiifungue nyuma. Sindano yake bado ni nyepesi: mstari mmoja ni sehemu moja ya mia ya milimita, na inaona hata pumzi.

Anza na Kabiru, anayenunua mashine za viwanda vilivyofungwa, karibu na soko hapa kwetu. Chini ya turubai ana leithi ambayo watu wanaipita wakidhani ni takataka.

Ishmael Kimotho

*

Kianda
13 Februari 2025

Kimotho,

Nimeenda kwa Kabiru. Nilikupita mlangoni kwako ukiwa umekaa nje na gazeti. Sikukusalimia na wewe uliinua gazeti juu, hapo ulifanya vizuri.

Hiyo mashine ukiiona nje ni malaika. Nimepitisha mgongo wa vidole kwenye kitanda, nimeona alama za kukwanguliwa bado ziko, kama magamba ya samaki. Nimeweka shilingi tano imesimama wima juu ya kichwa cha mashine na nikasema washa. Haikuanguka. Vijana wakaanza kupiga picha. Nikawaambia pigeni, mnaona fundi.

Halafu nikatoa chuma. Nikakishika kati ya ncha mbili, M ikiangalia juu kama kawaida, watu waione. Nikapitisha saa kutoka kichwa mpaka mkia. Mwanzo sifuri, mwisho sifuri, katikati sindano inapanda mistari minne. Minne, Kimotho! Hicho kitanda kina tumbo. Pini ya mama Valerie inaruhusu mstari mmoja peke yake.

Kabiru akasema, Mzee, hii ilikuwa inatengeneza vipuri vya ndege. Nikamwambia hizo ndege ziko wapi sasa?

Nimeiacha hapo. Mtu mwingine angedanganywa na ile shilingi. Mimi sio mtu mwingine.

Mukhwana, Fundi

*

Kianda
24 Februari 2025

Kimotho,

Ya pili nayo nimeikataa. Ilikuwa kwa shule moja ya ufundi, imefunikwa na madawati, haijafanya kazi tangu mwalimu wa hapo aache. Rangi safi, gia zinaingia kama kisu kwa ndizi. Mwalimu mkuu alinipa soda.

Nikaweka chuma, M juu. Mistari minne katikati. Tumbo!

Nikawaambia hawa wanafunzi mnawafundisha nini, kama kitanda chenyewe kimebeba mimba. Mwalimu mkuu akachukua soda yake ingawa nilikuwa nimebakisha.

Watu siku hizi hawajui kusimamisha mashine. Wanaiweka kwa sakafu mbaya inakaa miaka, kitanda kinalegea. Mimi ningeiona hiyo sakafu siku ya kwanza.

Nafuna amenunua begi la safari. Ameliweka juu ya kabati mahali naliona nikilala. Anasema lilikuwa bei ya chini tu.

Mukhwana

*

Kongo
27 Februari 2025

Baba Nafuna,

Swali moja. Uligeuza chuma?

Kimotho

*

Kianda
6 Machi 2025

Kimotho,

Unaniuliza mimi kama niligeuza chuma. Mimi! Chuma nilichokisaga na mikono hii nikigeuze cha nini? Ukimjua mtoto wako ni mwaminifu, unampekua mifuko kila akirudi dukani? Sijawahi kukigeuza na sitakigeuza. M inakaa juu. Ilianza juu.

Wewe umekaa sana na wapangaji, kila kitu unakishuku.

Sasa nikupe habari. Ya tatu ilikuwa Kariobangi, kwa fundi mmoja Mjaluo anaitwa Dalmas, mtu wa heshima, anazeeka vizuri kama mimi. Mashine yake ameilea kama mke. Anaipaka mafuta asubuhi hata siku hana kazi. Anaiacha kwa sababu anarudi Siaya. Nikamwambia, Dalmas, kama kuna kitanda kimenyooka Nairobi hii ni chako.

Mistari minne, katikati.

Dalmas alisogea karibu. Alishika kitanda na mkono wake, hivi, kama mtu anashika ng'ombe amesikia ni mgonjwa. Hata mimi nilitamani ningekuwa nimenyamaza.

Sasa nafikiri hivi. Nairobi nzima haina kitanda kilichonyooka. Pengine hata wakati wetu havikuwa vimenyooka, ni sisi tulikuwa tunavinyoosha na mikono. Zimebaki siku ishirini na tano. Nimejaribu pini na mashine yangu ya zamani. Saba nimetupa. Ya nane iliingia kwenye pete na kukataa kutoka, nikaitoa na nyundo, usimwambie mtu.

Begi liko pale pale.

Mukhwana

*

Kongo
10 Machi 2025

Kwa Nafuna,

Msichana wangu, ni Mzee Kimotho wa Kawangware, baba ya Tabby. Ulikuwa mdogo nilipokuona mwisho, ulikuwa unakula sabuni.

Jentrix nimemwomba akupe hii mkononi, baba yako asiione. Nataka kukuuliza kitu na usiogope kunijibu. Kile chuma cha baba yako, cha mviringo, kinachong'aa, chenye herufi M, kinalala wapi pale nyumbani? Na kuna mtu amekitumia kwa kazi yoyote isiyo ya kupimia?

Ni mimi,
Ishmael Kimotho

*

Kianda
13 Machi 2025

Mzee Kimotho,

Sasa. Barua yako imenishtua, nikajua nimeshikwa.

Chuma kilikuwa chini ya kitanda cha Papa, kimefungwa na kitambaa chenye grisi. Krismasi tulikuwa na wageni kumi na nane na kile kijiti chetu cha chapati kikavunjika nikiwa nimesukuma nne tu. Niliangalia huku na huku, nikakumbuka chuma. Nikakiosha na sabuni vizuri. Mzee, sijawahi kusukuma chapati nyembamba kama zile! Watu walisema nimeenda kozi.

Sasa kama ni chapati tu nisingeogopa. Lakini siku hiyo jioni mvua ilinyesha, mlango ukafura ukakataa kufunguka, na wageni wako ndani. Nikaingiza chuma chini ya mlango nikauinua. Uliinuka. Niliona kama chuma kilijikunja kidogo kikarudi. Nikakipangusa, nikakirudisha. Papa hajui mpaka leo.

Na usidhani nataka kumfukuza baba yangu. Mwezi wa Novemba alishika chuma cha kazi kwa mashine ikiwa bado inazunguka, kwa sababu hakuona inazunguka. Alishonwa nyuzi sita. Aliwaambia majirani ni mbwa. Ndiyo maana nilisema arudi nyumbani. Lakini tangu aanze kutafuta hiyo mashine anapiga mluzi akinyoa ndevu, na mimi sijamsikia akipiga mluzi tangu Mama atuache. Sasa sijui naomba nini. Lile begi ni kweli lilikuwa bei ya chini.

Tafadhali usimwambie kuhusu chapati.

Nafuna

*

Kongo
17 Machi 2025

Baba Nafuna,

Kaa chini kwanza.

Mashine tatu. Moja ilikuwa kiwandani, moja shuleni, moja imelelewa na Dalmas kama mke. Wenyewe tofauti, sakafu tofauti, miaka tofauti. Wewe mwenyewe niambie, wagonjwa watatu wakija hospitali kutoka mitaa mitatu, na wote daktari amewakuta na homa ya kiwango kimoja mpaka nukta, utaangalia wagonjwa au utaangalia kipimo?

Mistari minne, minne, na minne. Hakuna vitanda vitatu duniani vyenye tumbo moja.

Geuza chuma. M ikae chini, mara moja tu, hakuna mtu anakuona. Sindano ikishuka mistari minne mahali ilipokuwa inapanda minne, basi mashine zote tatu ni nzima na chuma ndicho kimepinda. Hakuna aliye na kosa. Chuma kina umri, na nyumba ina watu.

Jambo la pili. Mashine ya Kabiru haiko kwa Kabiru. Iko kwangu, nyumba nambari sita, mpangaji alihama Januari. Niliichukua baada ya barua yako ya pili. Sikuwa na chuma cha kuipima, kwa hivyo niliipima kama tulivyofundishwa tukiwa wanagenzi: nilikereza kipande kirefu, nikapima mwanzo, kati na mwisho. Vimelingana. Mukhwana, miaka kumi na moja sijashika mpini.

Ni yako kama unaitaka. Kuhusu pesa tutaongea. Samahani, tutaandikiana.

Nimeweka taa mbili juu yake, kali, kwa sababu ya macho yangu. Na nimeweka kifuniko cha bati mbele ya sehemu inayozunguka, kwa sababu ya vidole vyangu. Mimi siku hizi sijiamini.

Kimotho

*

Kianda
20 Machi 2025

Kimotho,

Nilianza kukuandikia barua ya matusi, kurasa mbili. Nimewashia jiko.

Sitageuza chuma.

(Hapa chini nimeandika baadaye.)

Nimegeuza. Nilifunga mlango nikamtuma Nafuna sokoni. Nimekiweka kwa mashine yangu, M juu, nikasoma. M chini, nikasoma. Kimepinda.

Lakini sikia hii, na uandike mahali: hata kikipinda, kimepinda mistari minne kamili. Sio mitatu na nusu, sio minne na kitu. Kuna fundi gani mwingine Kenya hii chuma chake kinapinda kwa kipimo kamili namna hiyo?

Nilipokiangalia karibu, na ile lensi ya kusomea ya marehemu mke wangu, nimekuta unga ndani ya herufi M. Unga wa ngano, mkavu. Nimekumbuka zile chapati za Krismasi. Nilikula tisa. Sijamuuliza mtu na sitauliza.

Dalmas nimemtumia Jentrix na salamu. Nimesema, kitanda chako kimenyooka, fundi mjinga ni mimi. Jentrix anasema Dalmas alicheka mpaka akaketi, halafu akapata mnunuzi kesho yake. Mwalimu mkuu nitamwandikia baadaye, soda ile bado inaniuma.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, nikimaliza kazi za watu. Nakuja kwa mashine, siji kwako. Kiapo kiko pale pale.

Mukhwana

*

Nyumba nambari sita, Kongo
29 Machi 2025, Jumamosi
(karatasi moja, mbele na nyuma)

Nimefika. Siongei. Kiti kiko wapi? M.

Nyuma yako. Chai iko kwa chupa. K.

Mashine umeisafisha vibaya, kuna vumbi chini ya mkia. M.

Nimekuachia hiyo makusudi, ukose la kusema ungeugua. K.

Hizi taa ni kali sana. M.

Nizime moja? K.

Usizime. M.

Nafunga chuma cha pini ya kwanza. Wewe chukua maikromita, mimi nitashika mpini. Usinipumulie shingoni. M.

Bado iko juu, mstari mmoja na nusu. Punguza unywele mmoja. K.

Usinifundishe kazi. M.

Umepunguza. K.

Nilikuwa nataka kupunguza tangu asubuhi. M.

Mukhwana, angalia. Pini imeingia kwenye pete yenyewe, bila kusukumwa, polepole kama mtu aliyechelewa kanisani. Imefika chini. Inazunguka. Haigongi. K.

Irudie. M.

Nimerudia mara tatu. K.

Mara ya nne. M.

Imeingia. Umebaki Nairobi, mzee. K.

Bado kumi na moja. Usianze kushangilia kama mtoto. Ulikuwa umekohoa au unalia? M.

Nimekohoa. K.

Sawa. Mimi pia nimekohoa. Lete nyundo ndogo na zile herufi za chuma, najua unazo, uliziiba siku ya kustaafu. M.

Niliziazima. Za nini? K.

Chuma cha kupimia kiko hapa mezani, M chini. Juu ni peupe. Tutakisaga upya, wiki ijayo, mimi asubuhi wewe jioni. Lakini kabla ya kukisaga kuna kitu kinakosekana. Shikilia vizuri. Usitetemeke. M.

Imekaa kombo. K.

Ni wewe ulitetemeka. K ni herufi ngumu, ina miguu mingi. Ungeitwa jina lingine. M.

Naiona vizuri sana. Asante. K.

Usiniandikie asante. Pini ya pili inaanza na mikono yangu yote ni mafuta, karatasi inateleza, na kutoka hapa sioni mistari, mwanga unaning'aria machoni. Baba Tabby, weka hiyo kalamu chini. Soma kipimo kwa sauti. Nitakujibu.